"Ngome" na "Kasri" katika Maelezo ya Watalii

Wapo wafasiri waitao "ngome" kila jengo la kifalme la Ulaya lenye minara. Matumizi haya yanapotosha. Neuschwanstein, nchini Ujerumani, lilianza kujengwa mwaka 1869 liwe makazi ya faragha ya Mfalme Ludwig II, wala halikukusudiwa kwa vita. Hilo ni kasri. Msafiri aliyeahidiwa ngome hutazamia mizinga, kumbe atakuta vyumba vilivyonakshiwa. Edinburgh, iliyozingirwa na maadui mara nyingi, ndiyo ngome hasa. Kiingereza aghalabu huyaita yote mawili kwa neno moja, nasi tumeliiga. Jina nalo lisitughuri: Husuni Kubwa ya Kilwa huitwa ngome, ilhali ilikuwa kasri la sultani. Mfasiri na apime kazi ya jengo, si minara yake.