Kibajuni Darasani: Tunasoma Sauti, Tunawaacha Wachu

Kila mwaka somo la lahaja linapofika pwani ya kaskazini, ubaoni huandikwa jedwali lile lile. Safu ya kwanza ni Kiswahili Sanifu, ya pili Kiamu, ya tatu Kibajuni, ambacho vitabu vingine hukiita Kitikuu. Watu kwa Kibajuni ni wachu. Maziwa ni madhiwa. Tatu ni chachu, na hapo darasa huangua kicheko kwa sababu ya chachu ya mkate. Wanafunzi hunakili, hujibu swali katika mtihani, hupata alama zao, na Wabajuni huwa wamekwisha.

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki usomaji huo, ambao ni wetu wenyewe. Hatusemi kwamba jedwali ni kosa. Kitabu cha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki kisingeandikwa bila majedwali, na bila kitabu hicho tungekuwa bado tunabishana kwa hisia juu ya asili ya lugha tunayoifundisha. Tunachosema ni kwamba sisi walimu tumelifanya jedwali kuwa mwisho wa safari. Tumekisoma Kibajuni kama kabati la sauti za kale. Hatujakisoma kama maneno ya watu waliokuwa na jambo la kuamua.

Wasomaji wetu wanaijua ramani, ila si vibaya kuikumbusha. Kutoka mji wa Kismayo, ambao wenyewe huueleza kuwa ni kisima iyu, yaani kisima cha juu, visiwa vinateremka kusini sambamba na bara: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, mpaka Ras Kamboni, halafu mpaka wa Kenya. Ng'ambo ya mpaka Wabajuni hao hao wanaendelea: Kiunga, Kiwayu, Ndau, Faza, Kizingitini. Hadi mwaka 1925 eneo lote la Jubaland lilikuwa chini ya Waingereza, ndipo likakabidhiwa kwa Waitalia. Hivyo mstari unaomfanya Mbajuni mmoja kuwa Mkenya na mwenziwe kuwa Msomali ulichorwa juu ya watu ambao tayari walikuwa wanaoana na kuvua pamoja. Mwaka 1972 Kisomali kilitangazwa lugha rasmi ya Somalia na kupewa hati ya Kilatini, kikaingia shuleni na ofisini. Mtoto wa Chula aliyesoma miaka hiyo alisoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, na mwenziwe wa Faza alisoma kwa Kiswahili Sanifu na Kiingereza. Jedwali letu halina safu ya mambo hayo.

Turudi kwenye fasihi, maana hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Wabajuni wana tungo mbili ambazo wanafunzi wetu hukutana nazo kwa majina tu. Kimai ni utungo wa bahari. Vave ni utungo wa wakulima, unaoimbwa kwa kuongozwa na kuitikiwa, usiku wa kuamkia kuchoma mwitu uliokwisha kufyekwa. Katika maswali ya mtihani vave hutajwa kama "wimbo wa kazi", na mwanafunzi huongeza kwamba dhamira yake ni umoja, ushirikiano na matumaini. Tumesahihisha majibu ya namna hiyo kwa miaka mingi na kuyapa alama. Leo tunakiri kwamba hayakustahili.

Hebu tuitazame saa yenyewe ya kuimba. Kwa nini usiku huo? Mwitu umekatwa wiki nyingi zilizopita, na miti imelala inakauka. Ukichoma mapema, magogo yana maji bado, moto unapita juu juu na shamba linabaki na visiki. Ukichelewa, mvua inaanguka na kazi yote imelala pale pale, na mbegu huna pa kuzitia. Hakuna anayejua siku ya mvua. Anayewasha moto ameamua, na uamuzi huo haurudishwi. Kwa hiyo vave si wimbo wa kazi kwa maana ya wimbo wa kupunguza uchovu, kama zile za kutwanga au za kuvuta makasia. Kazi imekwisha jana, na nyingine itaanza kesho. Vave iko katikati, mahali ambapo mkono hauna la kufanya ila moyo una la kuchagua. Tumaini lililomo si maneno ya kufarijiana. Ni hali ya mtu aliyekwisha kukata miti na sasa lazima awashe.

Msomaji anaweza kutuuliza tumepata wapi tafsiri hii. Tumeipata katika mazingira ya utendaji, jambo ambalo kila mwalimu wa fasihi simulizi huliandika katika mhadhara wa kwanza na kulisahau katika wa pili. Tena kuna jambo la kusikitisha. Sehemu kubwa ya mashamba ya Wabajuni wa upande wa Kenya yalikuwa bara, ng'ambo ya visiwa. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwafukuza huko, vijiji vikahamwa. Kama mwitu haukatwi na moto hauwashwi, vave inaimbwa usiku gani? Inabaki ya sherehe na ya kinasa sauti. Mhakiki anayeihakiki leo bila kulisema hilo anahakiki ngozi ya mnyama akidhani ni mnyama.

Sasa tuje kwenye mwaka 1991, kwa sababu hapo lugha yenyewe iligeuka kuwa jambo la uamuzi. Serikali ya Siad Barre ilianguka mwishoni mwa Januari. Wavuvi na mabaharia wanaosoma jarida hili watajua Januari ni msimu wa kaskazi: upepo unatoka kaskazini mashariki na kusukuma vyombo kuelekea Lamu na Mombasa. Mwenye chombo alikuwa na njia iliyo wazi. Mwenye mzee asiyeweza kusafiri, au nyavu alizokopa, au mke mjamzito, alikuwa na hesabu nyingine. Wapo walioondoka mwaka huo na iliyofuata, na wapo waliobaki visiwani bila silaha, huku Kismayo ikitwaliwa na kundi hili leo na lile kesho. Mombasa walioondoka walipata hifadhi katika kambi ya Jomvu. Kambi ilipofungwa mwaka 1997 wengine walirejeshwa visiwani kwao, na wengine walichagua kujichanganya mitaani. Hatumhukumu yeyote kati yao. Tunataja hesabu hizo kwa sababu mara nyingi watu wa pwani ile huandikwa kama waliopeperushwa tu, mithili ya majani makavu, ilhali walikuwa wakichagua kila siku, ila machaguo yalikuwa mabaya yote.

Fikirini kijana aliyekulia Mombasa katika hali hiyo. Sokoni akisema "wachu" atajulikana ametoka wapi, na huenda akaulizwa karatasi asizokuwa nazo. Kwa hiyo anasema "watu". Shuleni, akibahatika kwenda shule, mwalimu (mmoja wetu!) anamsahihisha. Nyumbani anamsikia bibi yake akisema madhiwa, naye anajibu maziwa. Katika somo la elimumitindo tunafundisha kwamba mwandishi hufanya uteuzi wa maneno, na tunautolea sifa uteuzi huo kwa Shaaban Robert na wenziwe. Uteuzi wa kijana huyu haujapata kuingia katika mihadhara yetu, ingawa ulikuwa na gharama kubwa kuliko wa mshairi yeyote tunayemtaja.

Gharama ilikuja kulipwa Ulaya. Wabajuni walipoomba hifadhi Uingereza na kwingineko, maofisa walitaka kujua kama kweli wametoka Somalia au ni Wakenya wanaojisingizia. Kipimo kilichopatikana kikawa lugha. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa kutoa mwongozo kuhusu Wabajuni, na suala la uwezo wa kusema Kibajuni likatajwa hata katika kichwa cha shauri. Zikatumika pia ripoti za kampuni za kuchambua lugha, ambazo husikiliza rekodi ya mazungumzo na kusema mzungumzaji anatoka wapi.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Wapo watu wasiokuwa Wabajuni waliojiita Wabajuni, kwa kuwa njia ilionekana kupitika, na ofisa ana haki ya kutaka ushahidi. Wala hatuwezi sisi, tunaokula mkate wa isimu, kudai kwamba lugha haisemi chochote juu ya mtu. Inasema mengi. Swali ni inasema nini. Mwaka huo huo wa 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa miongozo likionya kwamba lugha huonyesha mtu alilelewa katika jamii gani ya wasemaji, na kwamba mwanaisimu asitakiwe kuamua uraia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Uskoti lililohusu waombaji wawili waliosema wametoka Somalia, ilikubali kwamba ripoti za namna hiyo zaweza kupewa uzito, ila ikawakemea wachambuzi waliovuka mipaka ya ujuzi wao. Naye Nurse, mtu yule yule wa majedwali, aliandika maelezo marefu juu ya Wabajuni wa Somalia na kuyaweka katika intaneti pamoja na msamiati na matini, akieleza jinsi Kibajuni cha vijana kilivyoingiliwa na Kiswahili cha Kenya. Tunamheshimu zaidi kwa maelezo hayo kuliko kwa kanuni zake za sauti.

Kwa maana jedwali, likichukuliwa peke yake, ndilo linalomhukumu kijana wetu. Yule aliyejifunza kusema "watu" ili apite salama Mombasa anaketi mbele ya mkalimani asemaye Kiswahili Sanifu, anamfuata mkalimani kwa adabu kama kila mtu wa pwani afanyavyo mbele ya mgeni, kisha anaambiwa: husemi wachu, basi wewe si wa Chula. Usomaji wa darasani na usomaji wa ofisini ni usomaji mmoja. Wote wawili wanaichukua lugha kuwa kitu ambacho mtu anacho mwilini mfano wa chanjo, na kusahau kwamba mtu huitumia, huificha na huirudia. Tofauti ni kwamba darasani mwanafunzi hukosa alama mbili tu.

Je, huirudia kweli? Ndiyo, na hapo ndipo tunapoliona tumaini ambalo si la kwenye karatasi za mtihani. Wapo wazazi Wabajuni ughaibuni wanaowasemesha watoto Kibajuni, hali wakijua hakitawapatia kazi na kwamba ushuhuda wao umekwisha kusikilizwa. Huo ni uteuzi wa aina ya vave: miti imekwisha kukatwa, na mvua haijulikani.

Lipo jambo jingine linaloifanya kazi hii kuwa ya haraka kwetu sisi hasa. Somalia ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Novemba 2023, na ikakamilisha uanachama Machi 2024. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya tangu 2021. Ni dhahiri kwamba walimu na vitabu vya Kiswahili vitatakiwa Mogadishu na Kismayo, na vitatoka kwetu. Katiba ya muda ya Somalia ya 2012 inakitaja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa ya pili, na kwa hiyo Kiswahili kitaonekana kama bidhaa iliyoshushwa bandarini. Itakuwa aibu ya mwaka kama mwalimu wetu atafika Kismayo na kumfundisha mtoto wa Koyama salamu, kana kwamba Kiswahili hakijapata kufika huko. Na akimwambia mtoto huyo kwamba wachu ni kosa, atakuwa ameimaliza kazi ambayo vita havikuimaliza.

Hatuandiki kana kwamba visiwa vimetulia. Kismayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab kuanzia 2008 hadi 2012. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iligawa bahari kati ya Kenya na Somalia, na mvuvi akajikuta na mstari mwingine, huu wa majini. Desemba 2024 majeshi ya serikali ya shirikisho na ya Jubaland yalipigana Ras Kamboni, mwisho kabisa wa nchi ya Wabajuni. Kusema "matumaini" kutoka kwenye kiti cha ofisi ya idara ni rahisi mno, ndiyo maana tumejitahidi kulitumia neno hilo mara chache.

Muhula ujao jedwali litabaki ubaoni, ila litakuja wiki ya nne. Wiki tatu za kwanza tutasikiliza, na tutataka kila mwanafunzi aandike nani anasema, kwa nani, na nini kingempata kama angesema kwa namna nyingine. Tunazo rekodi chache, na za vave ni hafifu. Mwanafunzi yeyote kutoka Kizingitini, Ndau au Kiwayu mwenye mzee anayeikumbuka vave, na aliye tayari kusikilizwa, tunamwomba aonane na mwalimu wa somo kabla ya likizo. Nauli ya mashua tutachangishana.