Sifa za Faili Iitwayo .profile

Nasifu kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona: kupanga vigeu vya mazingira katika faili za kuanzia za ganda la Unix, programu ile inayopokea amri zako kwenye teminali. Kigeu ni jina lililobeba thamani. PATH huliambia ganda litafute programu wapi, EDITOR hutaja unahariri kwa programu gani, TZ husema saa ni za wapi.

Utaratibu huu ulienea na toleo la 7 la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979 pamoja na ganda la Stephen Bourne na faili yake .profile. Kigeu kikitanguliwa na export, kila mchakato utakaozaliwa na ganda hilo hukirithi. Urithi huo hushuka tu. Mtoto akibadilisha thamani, mzazi hana habari. Anayeandika kwenye .profile basi anawaandikia hata wajukuu, na ndiyo sababu nywila na funguo za siri hazifai kukaa humo.

Chukua mtu wa Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi nchini Kenya, anayefanya kazi kwa kipakatalishi kinachochajiwa kwa sola huku seva yake iko Ulaya. Seva nyingi hufuata saa za UTC, hivyo rekodi aliyoiandika saa nne asubuhi huonyesha 07:00. Mstari mmoja tu, export TZ=Africa/Nairobi, humwondolea hesabu hiyo kila anapoingia. Akiongeza LANG=sw_KE.UTF-8, na seva iwe imewekewa Kiswahili, amri ya date +%A itamtajia Jumatatu na Jumanne.

Jina hilo Africa/Nairobi limehifadhi mengi kuliko saa za leo. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walipokuta mashoka ya mawe yametapakaa Olorgesailie, jirani na Oltepesi, mwaka 1942, saa za Kenya zilikuwa nyingine. Andika TZ=Africa/Nairobi date -d 1942-04-05 +%z kwenye Linux. Jibu ni +0245: saa mbili na dakika arobaini na tano mbele ya Greenwich. Tena kigeu kilichotangulizwa hivyo mbele ya amri huishi kwa amri hiyo moja, kisha huisha. Fundi hujua kipi cha kudumu na kipi cha kupita.

Ufundi wenyewe hasa umo katika kuchagua faili. Bash, ganda la Brian Fox lililotoka mwaka 1989, ukiingia kutoka mbali kwa ssh husoma /etc/profile, kisha hutafuta .bash_profile, .bash_login na .profile, na kuisoma ile ya kwanza inayopatikana, basi. Programu fulani ikikuundia .bash_profile bila wewe kujua, .profile uliyoitunza miaka yote haisomwi tena, wala hupewi onyo. Ukifungua dirisha la teminali kwenye Ubuntu, inayosomwa ni .bashrc. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, haisomi hata moja kati ya hizo. Msimamo wangu ni kwamba export zikae .profile, majina ya mkato yakae .bashrc, na kazi za cron ziandikiwe vigeu vyake ndani ya crontab.

Siupendi kabisa mtindo wa kubandika mstari mwishoni mwa .bashrc kila unaposakinisha kitu. PATH hujaa marudio, na baada ya muda hakuna ajuaye mstari upi una kazi. Faili nzuri ni fupi, na juu ya kila mstari kuna maelezo yanayoanza kwa # kusema uliwekwa kwa nini.

Basi fungua .profile yako wiki hii. Itolee nakala, isome mstari kwa mstari, ufute usioweza kuueleza, wala usifunge teminali ya kwanza kabla hujaingia upya kwa nyingine na kuhakikisha kila kitu kinafanya kazi.