Fundi Asiyetaka Kujua

Mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, anapoandika ukurasa wa watumiaji kuingilia kwenye programu yake ya wavuti, hukumbana na swali ambalo halikuwapo alipokuwa akipanga rangi na menyu. Atamtambuaje mtu kwa siri ambayo yeye mwenyewe hapaswi kuijua? Kwangu mimi, ufundi wa kweli unaanzia kwenye swali hilo.

Jibu lake ni zuri ajabu. Django, mfumo wa Python uliotolewa kwa umma mwaka 2005, hauhifadhi nywila ya mtu yeyote. Huichukua, ukaichanganya na herufi za kubahatisha ambazo mafundi huziita chumvi, kisha ukaipitisha katika hesabu isiyorudi nyuma. Ni kama mahindi ya Kitale yaliyokwisha kusagwa: unga upo, punje haipatikani tena. Kesho mtumiaji akirudi, alichoandika husagwa upya na unga ukalinganishwa na unga. Hesabu hiyo hurudiwa makusudi. Toleo la 1.4 la mwaka 2012 liliirudia mara 10,000. Toleo la 5.2 la mwaka 2025 huirudia mara 1,000,000, kwa kuwa mashine za wezi nazo zinazidi kuwa na kasi. Mwenye akaunti hapotezi hata sekunde nzima, lakini anayetaka kubahatisha mabilioni ya nywila hulipia kila jaribio. Ni nadra kuona fundi wa kompyuta akijitahidi kazi yake iende polepole, na napenda sana kumwona akifanya hivyo.

Chumvi nayo si ya jana. Robert Morris na Ken Thompson waliieleza mwaka 1979, walipokuwa wakilinda nywila za mfumo wa kompyuta wa Unix. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu wawili waliochagua neno lilelile hawafanani ndani ya hifadhidata. Kampuni ya programu ya Adobe ilipoibiwa data mwaka 2013, ilibainika kwamba nywila za wateja wake hazikusagwa. Zilifichwa zote kwa ufunguo mmoja, bila chumvi, na wote waliochagua nywila moja wakaonekana wamebeba alama moja. Pembeni yake kulikuwa na vidokezo vya kuwakumbusha wenyewe, navyo vikamalizia kazi ya wezi.

Ipo kazi nyingine ndogo ambayo hakuna mtumiaji atakayeishukuru. Mtu akiandika jina lisilokuwapo, Django haikimbilii kumkatalia. Husaga nywila aliyoileta hata hivyo, bure kabisa, ili muda wa kusubiri usimfichulie mpelelezi nani ana akaunti na nani hana. Kuna mtu alikaa chini akalifikiria hilo kwa niaba ya watu asiowajua. Basi anayeandika programu ya chama cha akiba cha wakulima wa miwa asijitungie njia yake mwenyewe. Apokee hii iliyokwisha kupimwa na wengi. Watu wa Django walikutana Zanzibar Novemba 2023, katika mkutano wao wa kwanza wa Afrika, kwa hiyo wenye ujuzi huu hawako mbali nasi.

Lakini si kila kitu kinasagwa. Nambari ya kitambulisho, salio la mkopo na majibu ya maabara lazima yarudi yalivyokuwa, la sivyo hayana faida. Hapo hutumika usimbaji fiche. Maktaba ya Python iitwayo cryptography ina kifaa kinachoitwa Fernet. Hufunga maandishi kwa njia ya usimbaji iitwayo AES na kuyatia muhuri, kiasi kwamba hata herufi moja ikichezewa, yanakataa kufunguka. Shida hubaki kwenye ufunguo. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo mzuri hubaki salama hata adui akijua kila kitu isipokuwa ufunguo. Ndiyo maana msimbo wa Django na wa Fernet uko wazi kwa yeyote kuusoma. Ufunguo usikae ndani ya msimbo huo, wala ndani ya hifadhidata unayoilinda. Anayeuacha hapo hajafunga chochote.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaujua uzito huu. Data ikivuja na kuwaweka wenye data hiyo hatarini, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Wahusika nao waambiwe, ila pale ambapo kinga ya kufaa, usimbaji fiche ukiwa mojawapo, ilikuwa imekwisha wekwa. Kwa mama wa Chwele aliyezoea kuikinga PIN yake ya M-Pesa kwa kiganja, uzito huo hauhitaji maelezo marefu.

Siku moja mwanachama wa chama kile cha akiba ataomba akumbushwe nywila yake, na fundi mwema atamjibu kwamba hawezi. Mfumo unaokutumia nywila yako ya zamani umekwisha kukuambia jinsi ulivyoitunza. Django humtumia kiungo cha kuweka nywila mpya, ambacho kwa kawaida hudumu siku 3. Kiungo hicho hukokotolewa kutokana na ule unga wa nywila ya zamani, kwa hiyo akishabadilisha nywila hakifai tena, na hakikuhifadhiwa popote hata kihitaji kufutwa.