Kishazi Kikuu ni cha Nani?

Yvonne Brill alifariki Machi 2013. Alikuwa mhandisi wa roketi, mbunifu wa injini ndogo ya haidrazini inayosaidia setilaiti isitoke kwenye njia yake angani. Tanzia yake katika New York Times ilianza na mapishi: chakula cha nyama alichojua kukipika, kisha jinsi alivyomfuata mume wake kila mume alikohamia kikazi, kisha miaka minane aliyoacha kazi alee watoto watatu. Roketi zilingoja aya ya pili, tena zikaingizwa kwa kiunganishi cha kupinga, kana kwamba zinakanusha jikoni.

Wasomaji walipolalamika, gazeti liliondoa chakula na kumtaja kuwa mwanasayansi hodari wa roketi tangu maneno ya kwanza. Huenda wengine waliridhika. Lakini itazame sentensi mpya: mara baada ya cheo hicho kinakuja kishazi tegemezi, na ndani yake mume na watoto wamebaki palepale. Vitenzi alivyopewa ni kufuata, kuacha na kulea. Kubuni hakumo. Jina la kazi limepandishwa hadi mwanzo, ila kazi yenyewe haijapata kitenzi.

Jambo hili linaihusu Wikipedia moja kwa moja. Mwandishi wake haruhusiwi kuleta utafiti wake mwenyewe. Hujenga makala kwa yaliyokwisha kuchapishwa, tanzia za magazeti zikiwemo. Mpangilio wa chanzo hupenya kimyakimya hadi kwenye makala.

Na chanzo kisipokuwapo, makala nayo haipo. Tarehe 2 Oktoba 2018 Donna Strickland alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fizikia pamoja na Gérard Mourou na Arthur Ashkin. Mourou alikuwa na makala kwa miaka mingi katika Wikipedia ya Kiingereza. Strickland hakuwa nayo. Rasimu ya makala juu yake ilikataliwa Mei mwaka uleule kwa maelezo kwamba marejeo hayakuthibitisha kuwa anastahili. Alikwisha kuwa rais wa The Optical Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa mwanga, mwaka 2013. Kumlaumu mhariri mmoja naona ni rahisi mno. Kanuni inataka watu wengine wawe wameshaandika juu ya mhusika, na ukimya wao unahesabiwa dhidi yake.

Sasa makala ipo, na hapo ndipo kazi ya fani inapoanza. Mtu anaweza kuandika: Mourou na mwanafunzi wake Strickland walibuni njia ya kukuza nguvu ya leza. Ni kweli tupu. Anaweza pia kuandika: mwaka 1985 Strickland, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rochester, alichapisha pamoja na Mourou njia ya kurefusha pigo la mwanga, kulikuza, kisha kulibana tena. Nayo ni kweli, na jina lake ndilo linalotangulia katika andiko lile la 1985. Katika sentensi ya kwanza, kimilikishi "wake" kinamfunga kwa mwalimu. Katika ya pili yeye ndiye kiima, uanafunzi umekuwa maelezo ya wakati tu, na ugunduzi umepata hatua tatu ambazo msomaji anaweza kuzifuata. Mimi naidai hii ya pili.

Kwetu, mfano unaoniuma ni Wangari Maathai wa Kenya. Maelezo mengi juu yake huanza na miti na Nobel ya Amani ya 2004. Shahada ya uzamivu katika anatomia ya mifugo, aliyoipata Nairobi mwaka 1971, huachiwa sehemu ya elimu, pamoja na shule alizosoma. Mpangilio huo unakata sababu. Alikuwa akitafiti ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, akikusanya kupe kutoka kwa ng'ombe vijijini nje ya Nairobi, alipoona mito ikibeba udongo na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Aliona kwamba uharibifu wa mazingira uliwatishia ng'ombe zaidi kuliko kupe, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti. Kupe na miti vinastahili aya moja, vikiunganishwa na neno la sababu, na aya hiyo itangulie ile ya tuzo.