Hadithi Bila Msimulizi: Kosa la Tanga Lisipande Masieda

Kosa la mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyojaribu programu za vishikwambi katika vijiji vya Tanga, lilikuwa kwenye kanuni. Kabla mtoto yeyote wa Tanga hajagusa kioo cha kishikwambi, ilikwisha kuamuliwa kwamba programu zimfundishe mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) bila mwalimu na bila msaada wa mtu mzima yeyote. Mengine yalifanywa vizuri: umeme wa jua ulifika, UNESCO na WFP walitimiza wajibu wao, wahandisi walijua kazi. Kiswahili nacho kilipewa heshima.

Kinachoonyesha kosa hilo ni hadithi, na mahali pa kuitazamia ni RoboTutor, moja ya programu tano zilizofika fainali. Timu yake ya Carnegie Mellon iliongozwa na Jack Mostow, mtu ambaye tangu miaka ya 1990 alikuwa akijenga kompyuta za kumsikiliza mtoto anaposoma kwa sauti. Ndani ya programu hiyo mna hadithi za Kiswahili. Mtoto anasoma, mashine inasikiliza neno kwa neno. Wazo ni zuri. Lakini mashine ile inasikiliza kama neno limetamkwa, wakati msimulizi anasikiliza kama hadithi imeingia. Akisema “Paukwa” anangoja “Pakawa”, na jibu likija kwa unyonge anajua nusu ya baraza haipo naye, basi anaita tena. Akifika pale sungura anapomhadaa fisi, anakaa kimya makusudi. Mtoto mmoja anabashiri, wa pili anambishia, wa tatu anacheka kwa sababu ameshaona mtego. Katika dakika hiyo mna msamiati, mantiki na ufahamu kuliko kurasa nyingi zilizotamkwa sawasawa, na dakika hiyo ndiyo iliyofutwa na kanuni. Mtoto alipewa kishikwambi chake, hadithi yake na masikio yake. Baraza likavunjwa, kisha tukaambiwa hadithi imo.

Dharau hiyo kwa msimulizi imo hata kwenye takwimu za waandaaji. Walitangaza kwamba asilimia 80 ya watoto takriban 2,700 walioshiriki hawakuwahi kusomewa nyumbani. Kusimuliwa hakumo. Mtoto aliyelala kila usiku na ngano za bibi yake wa Kisambaa au Kizigua akaingizwa kwenye hesabu kama chombo kitupu. Waliopanga jaribio hivyo wangemwona bibi kuwa nyenzo ya kufundishia kwa njia gani?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: vijiji vile havikuwa na shule karibu, mwalimu angetoka wapi? Sawa, lakini kukosa mwalimu si kukosa mtu mzima, na hakuna kijiji kilichoishiwa wasimulizi. La pili lina uzito zaidi, kwamba watu wakiingizwa huwezi kujua kama kazi imefanywa na programu au na mtu. Dawa yake ni ya kawaida katika utafiti: vijiji kadhaa vingepewa programu peke yake, vingine programu pamoja na msimulizi, kisha tukalinganisha. Fedha hazikukosekana, zawadi zilifika dola milioni 15 kutoka kwa Elon Musk. La tatu ni matokeo. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio, na programu za onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi wa Mei 2019 kwa haki. Ila nusu iliyobaki ndiyo inayonishughulisha, maana ndiyo iliyohitaji mtu wa kuiuliza, “Umekwama wapi?”

Nchi hii ililijua jambo hilo zamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, mashine ya kisasa ya siku zile, lakini haikumwacha msikilizaji na redio yake. Vikundi viliundwa, viongozi wake wakafundishwa kwa makumi ya maelfu, watu wapatao milioni mbili wakakaa pamoja kusikiliza, kujadili na kuamua. Na Deborah Mwenda, katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, aliweza kusimulia kupitia chombo kisichosikia jibu, na bado nyumba nzima ikamwitikia. Wahandisi wa leo wangeanza kwa kumsoma yeye.

Roboti wa madarasani wakipelekwa Masieda, huko Mbulu, suala hili litakuwa kali zaidi. Lugha nyingi za Tanga ni ndugu wa Kiswahili. Kiiraqw cha Masieda ni cha jamii ya Kikushi, na katika nchi hiyo ya Mbulu na Hanang kuna Kidatoga cha Kiniloti na, huko Yaeda, Kihadza chenye sauti za kidoko. Mashine iliyofunzwa matamshi ya Kiswahili itamkosoa mtoto wa hapo kwa lafudhi kabla haijajua kama ameelewa. Tena huku usikilizaji una kanuni zake: katika slufay, dua ya wazee wa Kiiraqw, msemaji hasemi peke yake, waliohudhuria huitikia. Roboti asiyeitikiwa hapo ni mgeni asiyejua kusalimu.

Yupo aliyeona mapema njia nyingine ya kumpa mtoto mashine. Seymour Papert na wenzake walitunga lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, na baadaye kobe wao wa mitambo akatembea sakafuni kwa amri za mtoto. Mtoto hakuwa mtu wa kuamriwa. Kobe wa namna hiyo angefaa Masieda: mzee anasimulia kwa Kiiraqw, mwalimu anaandika sentensi za Kiswahili ubaoni, watoto wanabishana kobe aelekee wapi, kisha wanamwandikia amri. Akipotea njia, wanarudi kwenye hadithi kutafuta walipokosea. Kwa hiyo halmashauri ikiletewa mradi wa roboti wa madarasani, iulize kwanza nani atasimulia. Kama mpango hauna jina la mtu huyo wala posho yake, urudishwe kwa wenyewe.