Lumeni 20,000 za kwenye boksi: tuzihakiki taa za LED za Land Cruiser ya mjomba

Desemba iliyopita nilisafiri usiku na mjomba wangu kutoka Iringa kwenda Dodoma. Gari lake ni Land Cruiser mkonga ya miaka ya 1990, ile yenye taa mbili za duara usoni. Wiki moja kabla ya safari alikuwa ametoa balbu zake za zamani na kuweka za LED. "Mjomba, sasa naona mpaka sisimizi," aliniambia kwa furaha.

Kabla ya kufika Mtera tulikutana na kijana wa bodaboda. Mjomba alishusha taa, akaweka dimu, kama dereva yeyote mstaarabu. Haikusaidia. Yule kijana aliyumba, akatoka nje ya lami, akaishia kwenye majani. Tulisimama, tukamkimbilia. Bahati nzuri hakuumia, alichubuka kiwiko tu. Akajipangusa vumbi, akasema: "Shikamoo mzee. Lakini punguza taa, mnatuua." Mjomba akamjibu kwamba alikuwa ameshapunguza.

Wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana naandika makala hii. Nataka tuhakiki ushauri unaotolewa kila mahali kwa wenye magari ya zamani: "Taa zako hafifu? Weka LED tu." Je, ushauri huo unasimama mbele ya fizikia?

Tuanze na boksi

Boksi la balbu za mjomba linasema: wati 36, lumeni 20,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu. Balbu ya kawaida ya halojeni ya H4, iliyomo kwenye magari mengi ya umri huu, ina wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Kwa viwango vya kimataifa inatoa takriban lumeni 1,650 ikiwa fulu na 1,000 ikiwa dimu. Boksi linatuambia basi kwamba balbu moja ndogo inatoa mwanga mara 20 ya dimu ya zamani.

Gawanya 20,000 kwa 36. Unapata lumeni 555 kwa kila wati. Sasa, kikomo cha juu kabisa kinachowezekana ni lumeni 683 kwa wati, na hicho ni kwa mwanga wa kijani tupu wa nanomita 555, bila hata chembe ya umeme kupotea kuwa joto. Kwa mwanga mweupe kikomo kiko chini sana ya hapo, hata kwa taa kamilifu ya kwenye karatasi. LED nzuri za magari zinatoa kama lumeni 100 na kitu kwa wati. Kwa hiyo balbu ya wati 36 ikijitahidi itafika lumeni elfu tatu na ushee. Namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kosa la boksi linamaliza hoja. Lumeni elfu tatu bado ni nyingi kuliko elfu moja, na mjomba kweli aliona mwanga zaidi. Tatizo ni mwanga huo unakwenda wapi.

Bomba na ndoo

Fikiria lumeni kama maji yote yanayotoka bombani kwa dakika. Ukiwa na mpira wa kumwagilia, maua ya mbali hayafikiwi kwa sababu maji ni mengi, yanafikiwa kwa sababu umeubana mpira na kuuelekeza. Ubanaji huo wa mwanga kuelekea upande mmoja unapimwa kwa kandela. Na kanuni ya kinyume cha mraba haina huruma: ukitaka kuona mbali mara mbili, unahitaji kandela mara nne.

Kazi ya kubana na kuelekeza hufanywa na bakuli la taa, yaani kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya balbu. Bakuli la mkonga lina kipenyo cha inchi 7, karibu milimita 178, kipimo kilichoenea kuanzia magari ya Marekani ya mwaka 1940. Ndani ya balbu ya H4 kuna nyuzi mbili. Uzi wa fulu unakaa karibu na fokasi ya bakuli. Uzi wa dimu unakaa mbele kidogo, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usifike nusu ya chini ya bakuli, kwa sababu mwanga wa nusu hiyo ndio ungepanda juu hadi machoni mwa mwenzako. Ni uhandisi wa bei rahisi na wa busara sana.

Sasa weka LED mahali pake. Uzi wa halojeni ni mwembamba na unatoa mwanga kuzunguka pande zote. LED ni vibapa bapa vilivyobandikwa kwenye ubao, vinamulika kulia na kushoto, na katikati pana unene wa ubao wenyewe. Ukubwa si ule ule, umbo si lile lile, na mara nyingi mahali si pale pale.

"Ah, milimita moja tu," utasema. Twende taratibu. Kwa makadirio ya darasani, chanzo cha mwanga kikihama pembeni mwa fokasi, mwale hugeuka kwa pembe ya takriban umbali wa kuhama ugawanye kwa urefu wa fokasi. Chukua fokasi ya milimita 25 na kosa la milimita 1: unapata 1/25. Kwenye umbali wa mita 25 mwale umehama mita 1 nzima. Mita moja ndiyo tofauti kati ya kumulika lami na kumulika uso wa mtu aliye kwenye pikipiki. Mjomba alishusha taa, ndiyo, lakini hapakuwa na kitu cha maana cha kushusha.

Na ukipofushwa, madhara hayaishi taa zikishapita. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde. Tuseme macho yanachukua sekunde 3 tu kurudi sawa: umeendesha mita 66 ukiwa huoni vizuri. Kwenye barabara zetu, ndani ya mita 66 kuna mama na mtoto, ng'ombe, au lori bovu lisilo na kiakisi.

Mbona mjomba aliona vizuri?

Hapa ndipo macho yanapotudanganya. LED hizi humwaga mwanga mwingi mita chache mbele ya bampa. Dereva anaona ardhi nyeupe, anasema taa kali. Lakini jicho hujirekebisha kulingana na sehemu yenye mwanga mkali zaidi, kwa hiyo kule mbali, ambako hatari inatokea, kunazidi kuwa giza. Sisimizi wa karibu anaonekana, ng'ombe wa mbali haonekani.

Ugonjwa halisi ulikuwa nyaya

Nakiri kwamba malalamiko ya mjomba yalikuwa ya haki. Taa zake za zamani kweli zilikuwa kama mshumaa. Kosa ni kutibu bila kupima. Tulipofika Dodoma tulirudisha halojeni, tukachukua mita ya umeme. Injini ikiwaka, betri ilisoma volti 13.8. Kwenye soketi ya taa, taa zikiwaka: volti 11.9. Karibu volti 2 zilikuwa zinapotea njiani, kwenye nyaya nyembamba za miaka 30, viungo vyenye kutu na swichi iliyochoka.

Volti 2 zinasikika kama kitu kidogo. Lakini mwanga wa halojeni hubadilika takriban kwa kipeo cha 3.4 cha volti. Gawanya 11.9 kwa 13.8, pandisha kwa kipeo cha 3.4, unapata 0.6. Asilimia 40 ya mwanga wake ilikuwa inapotea.

Fundi alifunga rilei mbili, fyuzi, na nyaya nene kutoka betri moja kwa moja. Swichi ya zamani sasa inaamrisha rilei tu, haibebi tena ampea 10 za taa. Soketi ikasoma volti 13.4, sawa na asilimia 90 ya mwanga. Kutoka 60 hadi 90 ni ongezeko la nusu nzima, kwa balbu zile zile, bila kumpofusha mtu. Tahadhari mbili kwa fundi wako: Land Cruiser nyingi za umri huu swichi yake inakata upande wa hasi, na baadhi ya zile za dizeli zilizotoka Japani zina umeme wa volti 24. Asiunganishe kwa mazoea.

Kuna njia nyingine ya mkato: balbu za wati 100 na 90. Hizo zinavuta ampea 15 kwenye dimu pekee, zinayeyusha soketi na kubabua bakuli. Achana nazo.

Kwa hiyo LED ni mbaya?

Hapana. LED inakula umeme kidogo na inadumu. Taa nzima ya inchi 7 iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya LED, yenye lenzi na bakuli lake, inaweza kuwa bora kuliko halojeni. Hata balbu pekee za LED, Ujerumani imeruhusu chache tangu 2020, lakini kwa modeli za magari zilizopimwa moja moja. Uingereza, kwa upande wake, gari lililobadilishwa kutoka halojeni kwenda balbu za LED linafelishwa kwenye ukaguzi. Nchi zote mbili zinahukumu kitu kimoja: balbu na bakuli ni mke na mume, huwezi kubadilisha mmoja ukadhani nyumba itabaki ile ile.

Ukinunua taa nzima, angalia kioo chake. Alama ya herufi E ndani ya duara inaonyesha imeidhinishwa. Halafu tafuta mshale. Sisi tunaendesha kushoto, na dimu yetu inatakiwa kupanda kidogo upande wa kushoto, kumulika ukingo wa barabara. Ukiwa umeikabili taa, mshale unaoelekea kulia kwako maana yake ni taa ya nchi za kushoto. Taa yenye alama hiyo ya E bila mshale wowote ni ya nchi za kulia, na hapa kwetu itapanda moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja.

Mwisho, pima ukutani. Simamisha gari sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, maana mzigo nyuma unainua pua. Chora kwa chaki mstari wa urefu wa katikati ya taa zako. Washa dimu. Ukomo wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya mstari huo kwa kama sentimita 10. Ukikuta hakuna ukomo wowote, ni ukungu mweupe tu uliosambaa ukutani, basi umeona kile alichokiona yule kijana wa Mtera.

Mjomba alilifanya jaribio hilo mwenyewe mara mbili, kwa halojeni na kwa LED. Alitazama ukuta, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Mjomba, zile balbu usimpe mtu."