Jicho la Padoki

Watu wengi wanaokwenda uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, hukaa jukwaani wakisubiri farasi waachiwe. Mbio zenyewe nyingi hazifiki dakika mbili. Mimi huvutwa zaidi na kile kinachotangulia, pale farasi wanapoletwa padokini, kile kiwanja kidogo chenye njia ya mviringo, wakazungushwa na masaisi wao ili kila mwenye macho awatazame. Hapo utawakuta wazee wachache wameegemea ua, karatasi ya mbio imekunjwa mfukoni, macho yako chini kwenye kwato. Hawaongei sana. Wanafanya kazi ninayoihesabu miongoni mwa kazi bora za jicho la binadamu: kumtazama mnyama akitembea na kujua kama leo ana mbio mwilini.

Sisi wa pwani tumelelewa na punda. Farasi hakuzoeleka kwetu, maana mbung'o na maradhi vilimfungia njia sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, akapata makao kwenye nyanda za juu zenye baridi. Uwanja huu wa Ngong ulifunguliwa 1954, lakini mbio za Nairobi zilianza mapema zaidi, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mji ukiwa bado mabanda ya mabati kando ya reli. Kwa hiyo elimu ninayoisifu ina umri hapa, hata kama imeandikwa kidogo.

Kazi huanza na mwendo. Farasi mzima, asiye na mkazo mwilini, akitembea hukanyaga kwa kwato ya nyuma mbele ya pale ilipotua kwato ya mbele. Ukitaka kuhakiki, tafuta sehemu yenye udongo laini kwenye njia ile, ngoja apite, kisha inama utazame alama. Ya nyuma ikiipita ya mbele kwa kiganja kizima au zaidi, mgongo uko huru na makalio yanasukuma. Ikikomea nyuma yake, kuna mahali pamekaza: huenda ni nyonga, huenda ni mgongo, huenda mbio za juzi hazijamtoka mwilini. Na kwa kuwa nguvu ya farasi hutoka nyuma, wajuzi humtazama zaidi anapokwenda zake kuliko anapokuja. Anapokuja unaona kichwa, na kichwa kizuri kimewatia watu wengi hasara. Anapokwenda unaona mapaja: kama yamejaa sawasawa kulia na kushoto, kama misuli imegawanyika kwa mfereji mwembamba unaoonyesha kwamba mafuta yameisha na mazoezi yamekolea, kama mkia unaning'inia na kuyumba kwa raha au umebanwa.

Ngozi nayo husema, ingawa hapa brashi ya saisi inaweza kusaidia. Mng'ao wa brashi hukaa juu ya manyoya. Mng'ao wa afya hutoka chini yake, na akigeuka juani utaona mabaka ya duara yakijitokeza mbavuni na makalioni, hasa kwa farasi wa rangi ya kahawia. Tumbo lisining'inie, wala lisivutwe juu hadi aonekane kama aliyeshinda na njaa. Haya hujifunzwa haraka. Mwanafunzi makini atayajua kabla msimu haujaisha.

Kigumu ni jasho, na hapo ndipo ninapopenda kukaa.

Farasi hupumua kwa pua peke yake, hawezi kuazima hewa kwa mdomo kama sisi. Moyo wake akiwa ametulia hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, na katikati ya mbio huweza kupita 220. Wengu wake ni ghala: huhifadhi chembe nyekundu za damu, kisha akisisimka au akikimbia hujikunja na kuzimwaga mishipani, hata chembe hizo, ambazo akiwa ametulia ni kama asilimia 40 ya damu, zikapanda kupita 60. Maana yake ni kwamba msisimko ni sehemu ya mtambo. Farasi asiyesisimka hata kidogo padokini, anayeburuta kwato na kuinamisha kichwa, pengine bado hajaamka. Lakini aliyechemka nusu saa kabla ya mbio ameanza kuzikimbia peke yake, bila mpinzani, na hakuna wa kumrudishia nguvu anazozimwaga pale. Utamjua kwa povu. Jasho la farasi lina protini inayolifanya litoe povu kama la sabuni, nalo hujikusanya panaposuguana: kati ya mapaja ya nyuma, na shingoni zinapopita hatamu.

Tarehe 4 Oktoba 1970 Nijinsky aliingia padoki ya Longchamp, Paris, akiwa hajashindwa hata mara moja katika mbio 11. Mwaka huohuo alikuwa amenyakua mataji yote matatu makubwa ya Uingereza kwa farasi wa miaka mitatu. Wapiga picha wakamzonga. Akaanza kurukaruka, jasho likamtiririka, na waliokuwa uani wakaona kwa macho yao farasi bora wa Ulaya akijimaliza kabla ya kupandwa. Alishindwa na Sassafras kwa kichwa tu. Wengine mpaka leo humlaumu joki Lester Piggott kwa kumweka nyuma mno, na huenda wana hoja. Mimi nikizingatia tofauti ya kichwa kimoja, huliangalia lile jasho.

Hata hivyo jasho lenyewe si hukumu. Siku moja pale Ngong alipita jike mwekundu mwembamba, povu jeupe mapajani, akitafuna lijamu kwa sauti. Nikamgeukia mzee aliyekuwa kando yangu.

"Mzee, huyu si amekwisha chemka?"

"Huyu hutoka jasho kila akija hapa, kijana. Siku atakayokuja mkavu ndiyo nitaogopa."

Kisha akanionyesha kwa kidevu nilichopaswa kutazama. Masikio ya jike yule yalikuwa yanachezacheza, moja mbele kwenye umati, moja nyuma kwa saisi wake. Hayakulala wala hayakukakamaa. Jicho lilikuwa limetulia, weupe wake hauonekani. Saisi, kijana mrefu, alishika kamba kwa mkono mmoja, imelegea, na kila walipofika upande wa jukwaa alijisogeza kidogo ili bega lake liwe kati ya mnyama na kelele. Hakumvuta, hakumnyamazisha. Jike akapunguza kutafuna. Nyuma yao alikuja dume mweusi, mkavu kabisa, ngozi ya kupendeza, lakini ameshikwa na masaisi wawili, kamba zote mbili zimekaza, na kila hatua ya pili anatupa kichwa. Mzee akasema huyo wiki tatu zilizopita alishikwa na mtu mmoja. Zikatosha hizo habari. Jike alimaliza wa pili, dume akachoka kabla ya mkondo wa mwisho.

Hapo ndipo ilipo heshima ya kazi hii. Vitabu hupanga dalili kwa safu: jasho baya, masikio ya mbele mazuri, mkia wa kupiga mbaya. Jicho lililokomaa halilinganishi farasi na safu hiyo. Linamlinganisha na yeye mwenyewe alivyokuwa mara ya mwisho, na mara ya kabla yake. Anayetaka kujua hali ya leo sharti awe ameitunza ya jana kichwani, kwa kila farasi, kwa miaka. Ni kumbukumbu kubwa kupindukia, na wazee wale huibeba bila daftari.

Bila kumbukumbu hiyo, uzuri humdanganya hata tajiri. Februari 2006, huko Florida, mwanafarasi aliyekuja kuitwa The Green Monkey alikimbizwa mbele ya wanunuzi kama mita 200 kwa sekunde 9.8. Waliokuwapo walikuwa watu wa farasi maisha yao yote, nao wakamgombania mpaka bei ikafika dola milioni 16. Alishindana mara tatu tu, asishinde hata moja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Miaka 70 kabla yake, mkufunzi wa farasi Tom Smith alimtazama farasi mfupi, magoti hayakunyooka sawasawa, mguu mmoja wa mbele akiutupa nje anapokimbia, mpenda kula na kulala. Akamshauri tajiri wake, Charles Howard, amnunue, naye akapatikana kwa dola 8,000. Tarehe 1 Novemba 1938, Seabiscuit huyo alimshinda War Admiral katika uwanja wa Pimlico kwa urefu wa farasi wanne. Smith alikuwa mtu wa maneno machache sana. Alimtazama mnyama kwa muda mrefu kuliko wengine, na kile ambacho wenzake walikiita uvivu yeye alikiona kama utulivu wa mwili unaojua kujilimbikizia.

Kuna kisichoonekana kabisa, na mjuzi mkweli hukikubali. Phar Lap, farasi mashuhuri wa Australia, alipokufa 1932 moyo wake ulipatikana kuwa na uzito wa kilo 6 na zaidi, na ungali umehifadhiwa Canberra. Hakuna jicho la padoki lingeuona kifuani mwake. Liliweza kuona tu jinsi alivyotembea akiubeba.

Na tukumbuke kwamba padokini kutazamana ni kwa pande mbili. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin ilikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini anajua hesabu kwa kuwa alijibu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa akisoma miili ya waulizaji: mtu alipoinua kichwa kidogo sana, bila mwenyewe kujijua, farasi aliacha kugonga. Wengi waliona aibu wakadhani wamedanganywa. Mimi naona ajabu yenyewe ndiyo hiyo. Mnyama anayeweza kusoma mwinuko mdogo wa shingo ya mtu anajua vilevile kama saisi wake ana hofu leo, kama joki anayekuja kumpanda amekasirika. Ndiyo maana wazee hutazama pia mikono ya saisi, na ndiyo maana dakika joki anapopanda huwa ya thamani: mgongo wa farasi ukizama au ukikakamaa chini ya uzito ule, hatua ya kwanza baada ya hapo, kisha ile shoti nyepesi ya kwenda kwenye geti za kuanzia, kama anajinyoosha au anapigania hatamu.

Siku hizi wengi hubeti kwa simu. Wanaona namba, jina na bei, wala hawamwoni farasi. Sina ugomvi na simu, ila nasikitika, kwa sababu elimu hii haina pa kujifunzwa isipokuwa uani, na wenye nayo zaidi ya wote hawajaulizwa. Hao ni masaisi. Saisi ndiye anayemfungulia farasi mlango alfajiri, akaona kama chakula cha usiku kimebaki kwenye chombo. Ndiye anayepitisha kiganja chini ya goti kila asubuhi kutafuta joto ambalo jana halikuwepo. Kabla ya daktari, kabla ya mwenye mali, yeye amekwisha jua. Na anayajua haya kwa Kiswahili, maana ndicho kinachozungumzwa mabandani, wakati vitabu vya kazi hii karibu vyote viko kwa Kiingereza. Ningetamani mtu mwenye subira, kijana wa chuo au mwandishi, aende akae nao msimu mzima na kinasa sauti, awaulize kuhusu farasi mmoja mmoja: huyu akiwa sawa huwaje, akiwa na kasoro huanza kubadilika wapi? Aanze na kijana yule mrefu na jike wake mwekundu.